Mkwe Apatikane Kabla ya Mwezi Mbaya

Jumatatu, 27 Novemba

Kumudbhabhi amekuja. Hakubisha hodi, hajawahi. Huyu ni mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, na tangu niolewe katika ukoo huu kazi yake ni moja tu: kuniletea habari njema zake. Leo amekuja na boksi la peremende za maziwa. Mtoto wake wa pili amepata mchumba. Wa pili! Ambaye mwanangu Urvish alikuwa anambeba mgongoni!

Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Akala peremende mbili katika zile alizoleta mwenyewe, akamtazama Urvish aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, kisha akanifariji. Akasema nisijali, hata madukani huwa kuna mali inayobaki baada ya Diwali, na mwishowe hupata mnunuzi. Mali inayobaki! Mwanangu! Mhandisi wa kompyuta, havuti sigara, ana nywele zake zote kichwani!

Niranjan, mume wangu, alikuwa nyuma ya gazeti. Nikamuuliza kama amesikia. Akasema amesikia, na peremende ni nzuri.

Basi nimeapa. Kamurta inaanza tarehe kumi na sita Desemba, na mwezi ule mbaya ukishaingia hakuna mtu wetu mwenye akili timamu anayefunga uchumba, wala kununua hata baiskeli. Kabla ya hapo sukari guru na mbegu za giligilani ziliwe sebuleni kwangu, familia mbili zikitazamana, neno liwe limekwisha. Nikishindwa, mimi si Taruben.

Nimemuuliza Urvish anataka msichana wa namna gani. Akasema tutaona, Mama. Tangu amalize chuo anasema tutaona. Hajaona kitu.

Jumatano, 29 Novemba

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki.

Mimi si mwalimu wa sosholojia? Na mada ya muhula huu si ndoa ya kupangwa katika jamii ya mjini ya leo? Darasa zima la vijana wenye dada, binamu na mashangazi katika kila mtaa wa Ahmedabad, na mimi miaka yote nawasomea kitabu tu. Ujinga ulioje!

Nikaenda kwa mkuu wa chuo, nikamweleza habari ya mafunzo kwa vitendo. Akasema hilo ni jambo la kisasa sana. Nikasema ndiyo, mimi ni mtu wa kisasa.

Darasani nikaandika ubaoni wasifu wa Kijana X. Umri, urefu, kazi, ukoo, hali nyama wala mayai, ana macho ya upole, anapenda kusafiri na kumsaidia mama yake. Nikawaambia wauchambue kisayansi. Charmi Panchal akanyanyua mkono. Huyu ni yule msichana wa safu ya mbele ambaye hajawahi kuiachia sentensi yangu ipite bila kuikagua. Akasema wasifu huu hakuuandika Kijana X, ameuandika mama yake. Nikamuuliza amejuaje. Akasema hakuna mwanamume hapa duniani aliyewahi kujisifu kwamba ana macho ya upole. Darasa likaangua kicheko. Nikawanyamazisha, huu ni utafiti.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja awaulize dada na binamu zake ambao hawajaolewa, wangemjibu nini Kijana X. Watafiti wote hawa, na wala hawajui wanamtafuta mkwe wa nani. Nimerudi nyumbani nikitembea kwa madaha.

Ijumaa, 1 Desemba

Majibu yamekuja. Msiba.

Na Kijana X hawana ugomvi. Wanasema anaonekana mtu wa kawaida, hana madhara. Lakini karibu dada wote na binamu wote, kuanzia Maninagar mpaka Bopal, wameuliza swali lilelile. Mama mkwe yukoje? Mbona yeye hana wasifu?

Nikasema, kwa hasira kidogo, kwamba enzi zetu mama mkwe haandikiwi wasifu, mama mkwe unamkuta. Charmi akasema ndiyo maana siku hizi watu wanauliza kabla hawajamkuta. Akaendelea kueleza kama vile mshahara wangu anaupokea yeye. Kwamba ndoa ya kupangwa ya sasa inapelelezwa pande zote mbili. Upande wa msichana humuuliza muuza mboga, humuuliza mama anayeosha vyombo, humuuliza mlinzi wa jengo kama mama wa kijana ni mtu wa kelele.

Nikirudi nimepita kwa mlinzi wetu, nikampa zile peremende za Kumudbhabhi zilizobaki, boksi na vyote. Akauliza kuna nini leo. Nikamwambia hakuna kitu, ni upole wangu tu.

Halafu nikakaa nikaandika wasifu wangu mwenyewe. Mama: msomi, mcheshi, msikivu, haingilii mambo ya watu. Niranjan akausoma. Akacheka mpaka khakhra, ule mkate mkavu, ikampalia, ikabidi nimpige mgongoni. Nimempiga zaidi ya ilivyohitajika.

Jumapili, 3 Desemba

Leo ulikuwa mkutano wa utambulisho wa jumuiya yetu. Waoaji na waolewaji wanapanda jukwaani mmoja mmoja, namba kifuani, wanajitaja jina, elimu, kazi na wanachotarajia, na wazazi huko chini wanasikiliza huku wanatafuna. Darasa langu lote nimelileta, safari ya mafunzo. Urvish naye nimemleta. Yeye nilimwambia tunakwenda kula chakula cha mchana. Sikudanganya, chakula kilikuwepo.

Alipong'amua akataka kuondoka, lakini namba nilikuwa nimeshambandika. Hotuba nilimwandikia mimi. Akaiacha garini, makusudi! Basi nikajibanza ubavuni mwa jukwaa, niwe namkumbusha kwa kunong'ona. Sasa nani angejua kwamba kipaza sauti cha mshereheshaji, kilicholazwa pale pembeni yangu, hakikuzimwa? Urvish akasema, "Naitwa Urvish." Na ukumbi mzima ukasikia kutoka kwenye spika zote: "Kifua mbele! Acha kujikuna! Taja kampuni!"

Lo salale! Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kumudbhabhi, safu ya kwanza, alikuwa anajipepea kwa raha. Wanafunzi wangu walikuwa wanaandika mbiombio, hawakuacha hata neno moja. Urvish alisimama pale masikio mekundu. Kisha akakisogelea kipaza sauti chake akasema polepole, "Huyo mnayemsikia ni mama yangu, na ninachotarajia ni mtu atakayeweza kulicheka hilo." Akashuka.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Lakini subiri! Wakati wa chakula akaja mama mmoja mtulivu, Sudhaben, pamoja na mpwa wake aliyemlea tangu utotoni, Nirali. Msichana ni mtaalamu wa viungo, wale wanaonyoosha magoti na migongo ya watu. Alikuwa bado anacheka. Akamuuliza Urvish kama kweli alikuwa anajikuna. Urvish akakiri. Wakasimama kwenye foleni ya wali wanazungumza, wanawapisha watu wote wapite mbele yao, mpaka wali ukaisha.

Nani kasema sijui kazi yangu?

Jumanne, 5 Desemba

Wanaandikiana ujumbe. Urvish anacheka peke yake mezani, kijiko kiko hewani. Vizuri. Lakini mbona hakuna kinachosogea? Hakuna siku, hakuna wazee, ni kuandikiana tu, na Kamurta hiyo iko mlangoni.

Alipoingia kuoga nikamsaidia. Nikachukua simu yake, nikatuma picha ya Krishna kati ya maua ya waridi, na maneno ya heshima: asubuhi njema, familia njema ndiyo utajiri, je, shangazi yako ana nafasi Jumamosi? Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini: "Jai Shri Krishna, Mama. Urvish akimaliza kuoga mwambie anipigie."

Msichana ana akili huyu! Nimempenda. Urvish kwa upande wake hakunipenda mimi, amebadilisha namba ya siri ya simu. Na abadilishe. Jumamosi wanakuja!

Alhamisi, 7 Desemba

Sudhaben ametuma neno. Wanakuja kutembea tu na kuiona nyumba, hakuna haraka, jibu litatolewa baadaye. Baadaye! Hizo baadaye za watu nazijua. Baadaye ni baada ya Kamurta, na baada ya Kamurta msichana anaonwa na mwingine.

Lakini Taruben halali. Sikiliza. Baada ya kula kila nyumba hupitisha mukhwas, vile vitu vya kutafuna ili kinywa kinukie. Na ndani ya mukhwas kuna nini? Mbegu za giligilani. Na uchumba unafungwa kwa nini? Mbegu za giligilani na sukari guru. Kinachopungua ni sukari guru peke yake! Nitaikatakata vipande vidogo kabisa, nichanganye, nipitishe. Watatafuna huku wanaongea. Wakishameza, Niranjan anasimama na kusema hongereni, na ni nani atakayeutapika uchumba mbele za watu?

Niranjan amekataa kusema hongereni. Nitasema mwenyewe.

Tena nimewaalika Charmi na wenzake wawili waje kugawa chai, mafunzo kwa vitendo. Sudhaben akikuta nyumba imejaa wasichana wanaonipenda ataacha wasiwasi. Charmi akauliza, je, akiulizwa jambo aseme nini. Nikamwambia aseme vizuri. Akanikumbusha kwamba muhula uliopita niliwafundisha kuwa mtafiti hadanganyi. Nikamjibu kwamba ule ulikuwa muhula uliopita.

Jumamosi, 9 Desemba

Msiba wa pili.

Yalianza vizuri. Dhokla, keki yetu ya dengu, iliumuka, chai ilikubali, Niranjan alivaa shati lenye vifungo vyote. Urvish na Nirali tukawatuma kibarazani wazungumze faragha, kama ilivyo ada, mlango wa kioo umefungwa. Nikavuta kiti karibu na kioo. Niranjan akakirudisha. Nikakivuta. Akakirudisha, akakikalia.

Sudhaben akamgeukia Charmi akamuuliza, bila kuzunguka, madam wenu ni mtu wa namna gani. Nikamkodolea Charmi macho. Akafikiri kwanza, mtoto yule hufikiri! Akasema madam anakatiza watu. Hawezi kusubiri. Anaingia katika mambo ya kila mtu. Kisha akasema kwamba baba yake alipolazwa madam aliingia na huko pia, akawa anapeleka chakula hospitali mchana na jioni mpaka mzee akatoka, na daktari mmoja aligombezwa mpaka akawa anajificha.

Sudhaben akanigeukia. Nikauona uso wake unalainika. Ningenyamaza hapo! Ningekaa tu kimya, mimi mwanamke, mambo yangeisha!

Kibarazani wakacheka, wote wawili, kicheko kimoja. Nikapagawa kwa furaha. Nikakimbilia jikoni, nikatoka na sinia nikiimba karibuni mukhwas, karibuni mukhwas. Sudhaben akachota kidogo. Akakaribia kutia mdomoni. Akasita. Akafungua kiganja, akachambua kwa kidole, na katikati ya mbegu kikakaa kipande cha sukari guru chenye ukubwa wa karanga. Hiki kisu changu butu!

Akaniuliza kwa upole sana. "Taruben, hii ni ya kusafisha kinywa, au ni ya kutukamata?"

Aliyesikika ni Niranjan peke yake, anatafuna, alikuwa ameshakula kiganja kizima. Na papo hapo mlango ukasukumwa, bila hodi. Kumudbhabhi! Akaona wageni, akaona sinia, akachota, akatia mdomoni, akapiga ukelele uliofika ghorofa ya chini: "Hongereni jamani!"

Nirali alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibaraza. Sasa hakuwa anacheka. Wakaondoka kwa adabu zote. Wamesema watatujulisha. Mji huu hakuna asiyejua maana ya tutawajulisha.

Jumatatu, 11 Desemba

Jana Urvish alijifungia chumbani kutwa nzima. Jioni akaja jikoni akasema maneno machache. Kwamba miaka yote hii alikuwa anasema tutaona kwa sababu hakuwa amemwona mtu. Huyu alimwona. "Na wewe, Mama, ukamkaba koo." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza! Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Kupata mkwe nilipanga, kumshinda Kumudbhabhi nilipanga. Kumuumiza mwanangu sikupanga.

Leo darasani ilikuwa siku ya kuwasilisha matokeo. Charmi akasimama. Akasema utafiti wao umeonyesha kwamba katika ndoa ya kupangwa ya leo wazazi hufungua mlango, na wawili huingia wenyewe. Mzazi akibaki amesimama mlangoni, hakuna anayepita. Kijana X amefaulu. Mama X arudie mtihani.

Hakuna aliyecheka. Wanajua, wote wanajua. Nimempa alama za juu kuliko wote, kwa hasira.

Sasa basi. Machozi hayaleti mkwe. Yule msichana anatibu magoti, na mimi ninayo mawili.

Jumatano, 13 Desemba

Nimekwenda kliniki kwake. Nilijiandikisha kwa jina la dada yangu.

Nirali akavuta pazia, akaniona, wala hakushtuka. Akauliza ni goti lipi. Nikasema la kulia. Akalibonyeza, nikasema ai! Akabonyeza la kushoto, nikasema ai tena, kwa tahadhari. Akasema magoti yangu ni mazima kuliko ya kwake. Hata hivyo akanilaza, akanifunga mpira mzito mguuni, akaniamuru ninyanyue mguu juu na nisitamke neno mpaka aniruhusu. Nikanyanyua. Jamani! Paja liliwaka moto.

Akaongea yeye. Kwamba yeye anampenda Urvish na hajaacha kumpenda. Kwamba shangazi yake alikasirika kweli, lakini ile hadithi ya sukari guru ameshaisimulia jengo zima, na kila akiisimulia hasira inapungua. Ila yeye Nirali ana sharti moja. Wakioana hawatakaa kwetu. Watakuwa na nyumba yao na jiko lao, na maisha yao watayapanga wenyewe. Urvish anataka hivyohivyo, ila hajui aniambieje.

Mguu uko hewani. Nikafikiria chumba chake, nilichokipaka rangi upya kwa ajili ya mkwe. Nikafikiria meza ya chakula, mimi upande huu na gazeti upande ule. Iliniuma kuliko paja. Halafu nikamkumbuka anavyocheka na ile simu, kijiko hewani.

Akasema sasa ninaweza kusema. Nikasema sawa, mwanangu, kaeni kwenu. Na lile sinia, unisamehe. Akainama akanishika miguu. Kwa kuwa alikuwa anafungua mpira, sijui kama ilikuwa heshima au matibabu, lakini nimeipokea kama heshima.

Ijumaa, 15 Desemba

Imekwisha! Siku ya mwisho kabisa!

Safari hii sukari guru niliiweka waziwazi, mapande kama mawe. Sudhaben alichukua la kwanza, akalinyanyua juu watu wote walione, akacheka, akameza. Nirali akameza. Urvish akameza, akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu avae suruali ndefu. Nikalia tena, sasa bila maji ya bomba. Kumudbhabhi akasema mbegu hazikuiva. Nikamwambia basi asimalize sinia.

Charmi naye alikuwepo. Akaniuliza, kwa ajili ya ripoti, mama wa Kijana X amejifunza nini. Nikamwambia amejifunza kuachia. Kwamba watoto si wa kushikwa shingo, wanafunguliwa mlango na mtu anakaa pembeni. Nilisema kwa moyo wangu wote. Hata Niranjan aliteremsha gazeti.

Jumapili, 17 Desemba

Kamurta imeingia. Hakuna jambo jipya la kuanzishwa, na mimi sijaanzisha kitu. Nimeuliza tu.

Vijana wanatafuta nyumba ya kupanga. Maskini, wana kazi, hawana muda wa kuzunguka. Na mada yetu inayofuata chuoni ni familia ndogo ya mjini! Wanafunzi nimewapa utafiti mdogo wa nyumba zilizo wazi, waanzie jengo letu. Hawakuhitaji kwenda mbali. Pathakbhai wa mlango unaotazamana na wangu anahamia Vadodara kwa binti yake. Vyumba viwili, kibaraza, jiko lao wenyewe. Si ndivyo walivyotaka? Kwao ni kwao. Katikati kuna ukumbi mzima wa ngazi!

Charmi akaniuliza kama nakumbuka nilichosema Ijumaa. Nakumbuka vizuri sana. Ndiyo maana sitaki kuwasumbua, nitawaambia kila kitu kikiwa tayari, iwe zawadi.

Pathakbhai ameniachia ufunguo wake niwaonyeshe nyumba. Jioni nimepita kwa fundi wa funguo. Niranjan akasema si vizuri kufanya hivyo ndani ya mwezi mbaya. Nikamwelimisha: kitasa ni kilekile cha zamani, kwa hiyo hakuna jipya. Wao ni wawili. Nimechonga tatu.